Ulf von Euler: Mwana wa Wasomi na Jina Lililopotoka

Maji hufuata mkondo. Ulf von Euler alizaliwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1905. Babake, Hans von Euler-Chelpin, alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1929. Mamake, Astrid Cleve, alikuwa mtaalamu wa mimea.

Katika miaka ya 1930, von Euler aligundua kwamba shahawa za binadamu zina kitu kinachoteremsha shinikizo la damu na kusisimua misuli laini. Mwingereza Goldblatt aliona hivyo pia, ila von Euler ndiye aliyekibatiza, mwaka 1935, jina la prostaglandini, kutokana na prostata, yaani tezi dume, alikodhani ndiko kilikotoka. Baadaye ilibainika kuwa sehemu kubwa hutengenezwa katika vifuko vya shahawa. Istilahi, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Mwaka 1945 alimkabidhi Sune Bergström dondoo zake azichambue. Bergström na wenzake wawili walituzwa Nobel mwaka 1982 kwa kazi ya prostaglandini. Von Euler alikuwa ameipata yake mwaka 1970, kwa utafiti wa noradrenalini. Alifariki mwaka 1983.

Baadhi ya watafiti waliomfuata walikuta upungufu wa prostaglandini katika shahawa za wanaume kadhaa wasiopata watoto, ingawa dhima yake kamili katika urutubishaji ingali inajadiliwa. Katika jamii zinazomtwika mwanamke peke yake lawama ya utasa, uchunguzi huo wa upande wa mume una uzito wake.