Daktari aliyemkuta adui wa ini letu ndani ya mshipa

Msomaji wangu wa Kamanga, Sengerema na mwambao wote wa Ziwa Victoria, leo nakusimulia maisha ya daktari aliyefariki zaidi ya miaka 160 iliyopita. Huenda jina lake umeshalisikia bila kujua kuwa ni la mtu, kwani kichocho huitwa pia bilharzia.

Theodor Bilharz alizaliwa Machi 23, 1825 katika mji wa Sigmaringen, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mwaka 1850 akaenda Misri pamoja na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger. Wakati huo kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida kando ya Mto Nile, lakini chanzo chake hakikujulikana.

Katika Hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo, Bilharz alichunguza miili ya marehemu ili ajue kilichowaua. Mwaka 1851, akiwa na miaka 26, alikuta minyoo midogo ndani ya mshipa unaopeleka damu kutoka utumbo hadi kwenye ini.

Baadaye alikuwa profesa wa anatomia. Mwaka 1862 alisafiri hadi Massawa, Eritrea ya leo, akarudi Cairo na homa kali. Alifariki Mei 9 akiwa na miaka 37 tu, bila kujua minyoo ile iliingiaje mwilini. Ni mwaka 1915 ndipo Robert Leiper alipothibitisha huko huko Misri kuwa vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu mshipa ule ule ndio unaoumia kwetu. Ukivua dagaa, ukifua au mtoto akiogelea ziwani, minyoo hiyo huweza kuingia. Mayai yake hunasa kwenye ini na kuacha makovu. Damu inakosa njia, bandama inavimba na mishipa ya koo la chakula inatuna. Siku ikipasuka, mgonjwa hutapika damu. Wengi huja hospitali siku hiyo, baada ya miaka ya kudhani tumbo limerogwa.

Usisubiri siku hiyo. Kama unaishi kando ya ziwa, pima choo kikubwa na umeze dawa ya kichocho. Mzazi, siku ya kumezesha dawa shuleni, mtoto ale kwanza kisha aende; usimfiche nyumbani. Kichocho bado hakina chanjo, na ukirudi majini unaweza kuambukizwa tena.

Ini lenye makovu halipaswi kupata adui wa pili. Omba kipimo cha damu cha homa ya ini aina ya B na C. Usipokuwa na B, pata chanjo yake: kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Watoto wetu huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini wengi wetu tuliozaliwa zamani hatukuipata. Ukikutwa na virusi vya B, chanjo haitakusaidia, ila dawa zipo, na walio nyumbani mwako wapimwe na wachanjwe.

Mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari pia kuhusu chanjo ya nimonia, ya mafua na ya homa ya ini aina ya A. Ultrasaundi huonyesha makovu na ukubwa wa bandama. Endoskopi huonyesha mishipa ya koo iliyotuna, ambayo huweza kufungwa kabla haijapasuka. Mwenye ini lililosinyaa arudie ultrasaundi kila miezi sita kutafuta saratani mapema. Na pombe aiache kabisa.

Bilharz aliwafahamu wagonjwa wake wakiwa wameshakufa. Wewe ungali hai, na kituo cha afya kipo. Nenda wiki hii, na umchukue mwanao.