Arthur Ashe: Akili ilipoizima kasi Wimbledon

Shabiki wa soka wa Kasulu au Kibondo analijua hili: timu ya mbio usiifuate kwa mbio, ipunguzie mpira kasi. Arthur Ashe aliitumia mbinu hiyo kwenye tenisi.

Alizaliwa Richmond, Marekani, Julai 10, 1943, akafiwa na mama akiwa na miaka sita. Baba yake alisimamia bustani ya watu weusi yenye viwanja vya tenisi, na dogo akajifunzia hapo. Viwanja vya wazungu alifungiwa kwa rangi yake.

Mataji yake makubwa matatu ya mchezaji mmoja mmoja yote aliyabeba kwenye nyasi. Mwaka 1968 alitwaa la Marekani, ila dola 14,000 za bingwa hakuzigusa kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa. Mwaka 1970 akabeba la Australia.

Julai 5, 1975, fainali ya Wimbledon, akakutana na bingwa mtetezi Jimmy Connors, miaka 22, mzee wa mashuti. Wengi walishampa Connors kombe. Ashe, akikaribia miaka 32, akampa mipira laini, ya chini, isiyo na kasi. Jamaa akapotea: 6-1, 6-1, 5-7, 6-4.

Inaaminika damu aliyoongezewa baada ya upasuaji wa moyo mwaka 1983 ndiyo iliyomwambukiza virusi vya Ukimwi. Alitangaza hali yake mwaka 1992, akaanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo, akafariki Februari 6, 1993.

Mpaka leo hakuna mwanaume mwingine mweusi aliyelibeba taji hilo la Wimbledon.