Fundi Aliyelemewa na Hesabu

Herufi tatu, JBL, husomeka kwenye vipaza sauti vingi vya mikutanoni na majumbani. Ni jina la James B. Lansing, fundi ambaye hakuyaona matunda ya kazi yake.

Alizaliwa mwaka 1902 katika jimbo la Illinois, Marekani, akiitwa James Martini. Mwaka 1927 alianzisha kiwanda mjini Los Angeles. Filamu zilipoanza kutoa sauti, kumbi za sinema zilihitaji vipaza sauti madhubuti, naye akasifika kwa kuviunda. Lakini mwaka 1939 mshirika wake aliyeshika mambo ya biashara, Ken Decker, alikufa katika ajali ya ndege. Tangu hapo mambo yalikwenda kombo, na mwaka 1941 kampuni ikanunuliwa na Altec.

Mwaka 1946 Lansing alianza upya. Kipaza sauti chake D130, chenye kipenyo cha inchi 15, kilikuwa na koili ya inchi 4, pana kupita desturi ya wakati ule; hivyo kilistahimili joto na kutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Hata hivyo, chombo bora hakijiuzi. Madeni yalimlemea, na mwaka 1949 alijitoa uhai. Kampuni ilisimamishwa na William Thomas, mtu wa uongozi na hesabu.

Wenye dhamana ya viwanda vidogo hawana budi kuzingatia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kumpa fundi karakana hakutoshi. Apatiwe pia mtunza hesabu, mtaji na soko, angali hai.