Edward Appleton na Mwangwi wa Angani: Maisha ya Mwanasayansi kama Somo

Aghalabu maisha ya wanasayansi husimuliwa madarasani kama orodha ya tarehe na tuzo. Mtoto huyanakili daftarini, huyakariri, kisha huyasahau. Na lililo baya zaidi, hubaki akiamini kwamba sayansi ni mali ya watu wengine. Katika makala haya tunakusudia kuyaeleza maisha ya Edward Victor Appleton kwa kulifuata swali lake, ili mwalimu mwanafunzi aone jinsi swali moja linavyoweza kubeba somo zima.

Appleton alizaliwa tarehe 6 Septemba 1892 katika mji wa Bradford, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa ghala. Kwa bidii yake masomoni kijana huyu alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu kwa daraja la kwanza. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na jeshi, na huko akafanya kazi za mawasiliano ya redio. Ndiko alikokutana na jambo lililomshughulisha maisha yake yote: mawimbi ya redio hayakuwa na tabia moja nyakati zote. Mara yalifika kwa nguvu, mara yakafifia, na mabadiliko hayo yalizidi usiku.

Kabla ya hapo, mwaka 1901, Marconi alikuwa amepeleka ishara ya redio kuvuka Bahari ya Atlantiki. Kwa kuwa dunia ni mviringo, watu walijiuliza mawimbi yaliupindaje mgongo wake. Mwaka 1902 Kennelly na Heaviside, kila mmoja peke yake, walitoa wazo kwamba juu angani kuna tabaka lenye chembe za umeme linaloyarudisha mawimbi chini. Wazo lilikuwa zuri, lakini uthibitisho wa moja kwa moja haukuwepo.

Mwaka 1924 Appleton aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha King's, London. Yeye na mwanafunzi wake Miles Barnett waliwaza hivi: ikiwa wimbi moja linapita karibu na ardhi na jingine linakwenda juu na kurudi, basi yanapokutana kilele kwa kilele sauti huongezeka, na yanapokutana kilele kwa bonde sauti hufifia. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1924, matangazo ya kawaida yalipokwisha, mtambo wa BBC wa Bournemouth ulibadilishwa urefu wa wimbi polepole, nao wakasikiliza mjini Oxford. Sauti ilipanda na kushuka mara kwa mara kama walivyotazamia. Kwa kuhesabu kupanda na kushuka huko walipata tofauti ya urefu wa njia mbili za mawimbi, na kutokana nayo wakakadiria kimo cha tabaka: kiasi cha kilometa 90 hadi 100.

Tuizingatie njia hii kwa makini. Mahali pa kurushia hapakubadilika, wala mahali pa kupokelea. Kilichobadilishwa ni kitu kimoja tu, nacho ni urefu wa wimbi. Huo ndio msingi wa jaribio la haki ambao tunapaswa kuwazoesha watoto tangu madarasa ya chini.

Appleton hakuridhika na jibu la kwanza. Katika majira ya baridi ya 1926 na 1927 aligundua kwamba kabla ya mapambazuko, tabaka la chini linapokuwa limedhoofika kwa kukosa jua, mawimbi hulipenya na kurudishwa na tabaka jingine lililo zaidi ya kilometa 200 juu. Mwaka 1932 alikwenda Tromsø, Norwei, kuchunguza anga ya kaskazini, akaona kwamba wakati wa dhoruba za sumaku mwangwi wa redio hupotea kabisa. Eneo lote hilo la chembe za umeme huitwa ayonosfia. Mwaka 1947 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Toka 1949 aliongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi kifo chake tarehe 21 Aprili 1965.

Vyombo vya ardhini vina upungufu wake: haviwezi kupata mwangwi kutoka upande wa juu wa ayonosfia. Miaka michache kabla ya kifo chake, tarehe 29 Septemba 1962, setilaiti ya Kanada, Alouette 1, ilirushwa na kuanza kuupima upande huo kutoka juu. Siku hizi setilaiti nyingine hupokea mawimbi ya GPS yaliyopita pembezoni mwa angahewa, na namna yalivyocheleweshwa huonyesha wingi wa elektroni njiani. Nyingine hukaa kiasi cha kilometa milioni moja na nusu kuelekea jua, zikapima upepo wa jua kabla haujatufikia. Hizo hutoa onyo la robo saa hadi saa moja hivi. Mlipuko wa nuru ya jua, hata hivyo, haungoji onyo, maana nuru hufika kwa dakika nane na setilaiti huuona pamoja nasi. Rubani avukaye bahari kwa redio ya masafa mafupi hutegemea maonyo hayo.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1946 Appleton alionyesha kwamba elektroni hujikusanya zaidi katika kanda mbili, kila upande wa ikweta ya sumaku. Mstari huo hupita Ethiopia, na ukanda wa kusini huifikia anga ya Tanzania. Baada ya jua kutua, ayonosfia ya maeneo haya huweza kuvurugika na kuzitikisa ishara za setilaiti. Mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, kuchunguza hewa ya juu ya ukanda wa ikweta.

Mwalimu afanyeje darasani? Kwanza, watoto wapige makofi mbele ya ukuta mrefu, wasikie mwangwi. Pili, wadondoshe vijiwe viwili katika beseni la maji, watazame viwimbi vikikutana. Tatu, palipo na redio ya masafa ya kati au mafupi, wasikilize stesheni moja ya mbali adhuhuri na usiku kwa juma zima, redio ikiwa ni ile ile na mahali pale pale, waandike matokeo katika jedwali. Jina la Appleton litajwe baada ya hapo, wakati watoto wenyewe wameshauliza kwa nini usiku stesheni za mbali husikika.