Robert Koch: Bingwa wa hadubini aliyefika Iringa

ROBERT Koch alifika Iringa mwaka 1905 akiwa na umri wa miaka 61, na jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma duniani kote. Hakufuata dhahabu wala pembe za ndovu. Katika njia ya misafara itokayo Dar es Salaam kwenda nchi ya Wahehe, daktari huyo wa Kijerumani alikuwa akitafuta papasi katika udongo wa vibanda walimolala wapagazi.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi katika migodi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, kisha akawa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa umo nchini Poland. Huko alijitengea mahali pa kufanyia uchunguzi nyumbani kwake, akiwa na hadubini yake na panya wachache.

Mwaka 1876 alithibitisha kuwa ugonjwa wa kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja mahususi. Machi 24, 1882 alitangaza jijini Berlin kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu. Miaka miwili baadaye akiwa India alimtambua yule wa kipindupindu. Nguvu yake ilikuwa moja: hakukubali jambo mpaka limeonekana kwa macho na kurudiwa.

Hata hivyo, mwaka 1890 aliiacha kanuni yake mwenyewe. Alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, kabla ya kuwa na ushahidi wa kutosha. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa maelfu, lakini wengi hawakupona na baadhi yao walifariki dunia. Sifa yake ilitiwa doa ambalo halikufutika kirahisi.

Mara ya kwanza kukanyaga ardhi ya Tanganyika, iliyokuwa koloni la Wajerumani, ilikuwa mwaka 1897. Akiwa Dar es Salaam alichunguza damu ya wagonjwa wa homa, kisha akapanda milima ya Usambara. Aligundua kuwa watu wa nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ilikuwa adimu, waliugua waliposhuka pwani. Kwa hiyo, kinga dhidi ya malaria si jambo la kuzaliwa nalo, bali hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara. Utafiti wake huko New Guinea, mwaka 1900, ulimpa uhakika zaidi.

Kutokana na hayo alipendekeza njia mpya ya kupambana na malaria: kupima damu za watu, wakiwamo wanaojiona wazima, na kumpa kwinini kila aliyekutwa na vimelea. Mwaka 1901 madaktari wa Kijerumani walianza kuijaribu njia hiyo Dar es Salaam.

Safari ya Iringa ilizaa funzo jingine. Homa ya papasi hufanana na malaria kwa joto kali, maumivu ya kichwa na tabia ya kuondoka kisha kurudi. Lakini vimelea vyake ni vingine kabisa na kwinini haivigusi. Bila hadubini, ni rahisi kudhani kuwa dawa imeshindwa, kumbe ugonjwa ni mwingine. Koch alionyesha kuwa vimelea hivyo hupita kutoka papasi jike hadi katika mayai yake, na ndiyo sababu kibanda huweza kubaki na hatari kizazi hadi kizazi. Desemba mwaka huohuo alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, kutibu malale kwa dawa iitwayo atoksili. Wagonjwa walipata nafuu, kisha vimelea vikarudi. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka kabisa. Waliolipa gharama ya jaribio hilo walikuwa Waafrika, na historia imeendelea kumhoji kwa hilo.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910 katika mji wa Baden-Baden. Mwaka huohuo zilichapishwa taarifa kutoka Brazil kuwa malaria ya baadhi ya wagonjwa haikusikia kwinini. Huo ulikuwa mwanzo wa suala la usugu wa vimelea ambalo yeye hakuishi kulishuhudia.

Tanzania imelishuhudia zaidi ya mara moja. Klorokwini iliachwa kama tiba ya kwanza mwaka 2001 na SP ikashika nafasi yake, nayo ikapisha dawa ya mseto ya ALu mwaka 2006. Miongoni mwa vituo vilivyotoa ushahidi wa mabadiliko hayo ni Kyela, bonde la joto kando ya Ziwa Nyasa mkoani Mbeya. Huko mgonjwa hupimwa damu, humeza dawa mbele ya mhudumu, kisha hufuatiliwa kwa siku 28. Vimelea vikionekana tena, vinasaba vyake hulinganishwa na vya awali ili kujua kama ni walewale waliostahimili dawa au ni maambukizi mapya. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa ibadilishwe ikiwa inashindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa.

Kwa wakazi wa Iringa, Njombe na milima ya Mbeya jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria ni haba kwao, hivyo kinga yao ni ndogo, kama ile ya watu wa Usambara mwaka 1897. Anayeshuka Kyela kufuata mpunga au biashara akaumwa, tegemeo lake kubwa ni dawa inayofanya kazi.

Sampuli zilizokusanywa mkoani Kagera mwaka 2021 zilionyesha vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayopunguza kasi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa ya mseto. Kagera iko mbali na Kyela, lakini klorokwini nayo ilianza kushindwa mahali pachache kabla ya kushindwa sehemu nyingi. Kinachoweza kuonya mapema bado ni kilekile alichokibeba Koch hadi Iringa: tone la damu lililochunguzwa kabla ya dawa, na jingine baada yake.