Tippu Tip: Tajiri Aliyejua Hesabu ya Deni

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Tabora kwa garimoshi hupita Manyoni, na kabla ya reli hali haikuwa mbali na hiyo. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo ilikatiza Ugogo, ikafika Mdaburu, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nyika ya vichaka na uhaba wa maji iliyoendelea hadi Tura. Miongoni mwa walioijua njia hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Ijumaa hii tumeona tuwakumbushe wasomaji wetu habari za maisha yake, si kwa kumtukuza wala kumtusi, bali kwa sababu ya jambo moja linalozisumbua familia zetu nyingi, nalo ni deni.

Hamed alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora. Kijana huyo alianza na biashara ndogo ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na baadaye akamfuata baba yake bara. Hakuwa na mtaji. Kama walivyofanya wengi wa wakati ule, alikopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na aliyekuja kumwamini kuliko wote ni Taria Topan.

Mkopo wa siku hizo haukuwa wa fedha mkononi. Mkopaji alipewa vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti kwa bei iliyokuwa juu kuliko ya taslimu, naye akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi. Katika tofauti hiyo ya bei ndimo ilimokuwa faida ya mkopeshaji. Njiani nako mzigo ulipungua, kwani watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa anayepita nchini mwao na kunywa maji ya visima vyao. Wenye misafara walinung'unika sana, lakini tukitazama kwa haki, maji katika nchi kame ni mali, na mwenye nchi alikuwa na haki ya kuuliza mgeni amekuja na nini.

Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akateka pembe nyingi, na toka hapo sifa zake zikaenea. Mnamo 1870 aliondoka tena pwani, akafika Manyema na mto Kongo, na hakurudi Unguja hadi 1882. Kwa miaka yote hiyo deni lilimngoja, na bado Taria Topan hakupoteza imani naye. Uaminifu huo ndio uliokuwa dhamana yake. Katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili, mali aliyokopa na frasila za pembe alizopata hutajwa mara kwa mara.

Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alimwahidi pia Stanley wapagazi 600. Walichelewa mno, na waliopatikana hawakutimia, Stanley akamfungulia kesi Unguja. Tippu Tip alirejea kisiwani mwaka 1891. Muda si mrefu vita vikazuka Kongo, mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893, na himaya yote ya bara ikapotea. Yeye alifariki Unguja mwezi Juni 1905.

Basi tujiulize: je, hesabu zake zilikamilika? Aliyempa bidhaa alijulikana kwa jina, na haki yake ikaandikwa. Lakini wako waliochomewa vijiji, waliotekwa, na waliotembezwa hadi kuuzwa ili pembe zifike pwani. Hao hawakuwa na daftari. Sheria yetu hulipa madeni ya maiti kabla warithi hawajagawana kitu. Ni nani angeweza kulipa deni la watu ambao hata majina yao hayakuandikwa?

Tunalisema hili kwa sababu biashara ya deni haijakoma. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya wakopeshaji 69 wa kidijiti waliokuwa wakifanya kazi bila idhini, na mikopo iitwayo kausha damu imewanyang'anya akina mama vitanda na majiko yao. Anayekopesha namna hiyo hujua hesabu vizuri sana, lakini chozi la mkopaji haliingizi humo. Na mkopaji naye, akikopa kwa ajili ya harusi ya fahari, amewabebesha watoto wake mzigo wasiouridhia.

Kwa hiyo, baba na mama wa nyumba, kabla ya kutia saini kaeni pamoja muulizane maswali matatu: deni hili litagharimu kiasi gani kwa jumla, litalipwa kutoka wapi, na ni nani atakayeumia tukishindwa? La tatu ndilo Tippu Tip hakuliandika. Mwenyezi Mungu atuepushe na deni lisilolipika, na atukinge tusije tukatajirika kwa jasho na damu ya wenzetu. Amin.