Ramanujan: Karani maskini aliyefumbua siri za nambari

JINA la Srinivasa Ramanujan hutajwa kwa heshima popote wanapokutana wasomi wa hisabati, licha ya kwamba aliishi miaka 32 pekee na hakuwahi kuhitimu chuo chochote nchini mwake.

Alizaliwa Desemba 22, 1887, mjini Erode, kusini mwa India, na kulelewa Kumbakonam, ambako babake alikuwa karani katika duka la nguo. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi, alipata kitabu kilichosheheni maelfu ya kanuni za hisabati. Tangu hapo akayatupilia mbali masomo mengine, akaanguka mitihani na kupokonywa ufadhili.

Kwa miaka kadhaa ufukara ulimwandama. Mnamo 1912 aliajiriwa kuwa karani katika bandari ya Madras, mji ambao sasa huitwa Chennai. Januari 1913 alimwandikia barua G.H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akaijaza kanuni alizozigundua. Hardy alizichunguza, akatambua kuwa hiyo haikuwa kazi ya mlaghai. Mwaka uliofuata Ramanujan alivuka bahari, safari iliyokwenda kinyume na mila za Wabrahmani wenzake.

Mnamo 1915 alichapisha utafiti kuhusu nambari zenye vigawo vingi kuliko nambari zote zinazozitangulia. Kwa mfano, 12 hugawanyika kwa 1, 2, 3, 4, 6 na 12; hakuna nambari ndogo kuliko hiyo iliyo na vigawo sita. Mfuatano wenyewe ni 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120 na kuendelea.

Ramanujan alionyesha kuwa nambari hizi zina utaratibu. Ukizichanganua hadi kufikia nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, utakuta zinaanza na 2, kisha 3, kisha 5, bila kuruka hata moja. Aidha, tasa ndogo haijirudii mara chache kuliko iliyo kubwa. Ndiposa 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Kwa utafiti huo, Cambridge ilimtunuku shahada mwaka wa 1916.

Hata hivyo, baridi, upweke na uhaba wa vyakula vya mtu asiyekula nyama wakati wa vita vilimdhoofisha. Mnamo 1917 aliugua sana. Mwaka wa 1918 aliteuliwa mwanachama wa Royal Society, heshima kuu kwa wanasayansi wa Uingereza, lakini afya yake haikurejea.

Alirudi India mwaka wa 1919 akiwa hoi, na bado aliendelea kuandika kanuni mpya kitandani hadi alipofariki Aprili 26, 1920. Karatasi za siku hizo zilisahaulika katika maktaba ya Cambridge hadi zilipogunduliwa mwaka wa 1976. Wanahisabati wametumia miongo mingi kuthibitisha yale ambayo mgonjwa huyo aliyaandika bila kueleza aliyafikiaje.